Karakana imeungua, SACCOS inadai, shemeji anataka kihamba kiuzwe

SWALI

Salaam, mshauri. Sisi ni familia ya watu watano, tunaishi Pasua, Moshi. Mume wangu ni seremala. Kwa miaka tisa alikuwa na karakana kwenye kiwanja cha kupanga hapa mtaani: paa la bati, kuta za mabanzi, umeme wa mwenye kiwanja. Wiki tatu zilizopita, usiku wa Jumapili, iliungua. Zimamoto walifika wakaokoa ya jirani, yetu ilikuwa imeshakwisha. Tunasikia ni hitilafu ya umeme, ila hakuna karatasi tuliyopewa. Kijana anayejifunza kazi, ambaye alikuwa analala pale, aliungua mkono na bado anatibiwa.

Ndani kulikuwa na mashine ya randa, msumeno wa meza, mashine ya kukereza, kompresa ya kupulizia vanishi, zana za mkono na mbao za mninga na saiprasi. Mashine bado zimesimama pale, nyeusi. Mnunuzi wa chuma chakavu ameshakuja mara mbili, anataka kuzibeba zote kwa laki nne. Mume wangu alitaka kukubali, nikamwomba asubiri.

SACCOS tunadaiwa milioni sita na laki mbili, rejesho ni 450,000 kwa mwezi, na mdhamini mmoja ni dada yangu. Shule moja binafsi ilishalipa nusu ya bei ya madawati 40, hakuna hata moja lililotoka. Wateja wanne walitoa advansi za vitanda na makabati. Mwingine alileta mbao zake mwenyewe za mninga, zimeungua, anataka alipwe. Mafundi wawili tunaowalipa kwa mwezi wanauliza hatima yao. Bima hatukukata. Daftari la oda, leseni, mkataba wa pango na mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi vyote vimeteketea.

Mimi nauza mboga na ndizi soko la Mbuyuni, siku nzuri napata faida ya elfu kumi na tano, mbaya elfu kumi na mbili. Mtoto wa kwanza yuko Kidato cha Pili, bweni, shule ya kulipia. Shemeji anasema tuuze nusu eka ya kihamba (shamba la ukoo la migomba) cha Kibosho tulipe kila mtu tupumue. Jirani naye ana mtu wa mikopo ya haraka. Mume wangu kila asubuhi anakwenda kukaa pale kwenye majivu, jioni anarudi amelewa, usiku halali, hasemi kitu. Nianzie wapi?

Mama wa Watatu, Moshi

JIBU

Poleni sana, mama, na umshike mkono baba watoto kwa niaba yetu. Kuna mambo yanayoharibika kwa kucheleweshwa na mengine yanayoharibika kwa kuharakishwa, na watu wanaowazunguka wanawasukuma kinyumenyume: wanataka muuze haraka, huku kutu inakula mashine na karatasi hazijaandikwa. Wiki hii shughulikeni na mashine na barua. Kihamba na mkopo wa haraka visubiri.

Tuanze na mashine, kwa sababu laki nne kwa zote ni bei ya mtu anayejua kwamba hamjazipima. Mashine ya mbao iliyoungua ni mkusanyiko wa sehemu, na kila sehemu ina hali yake. Mwili na meza huenda ni vizima, mota imekufa, visu ni vya kutupa. Ukiuza kwa mkupuo unauza kizima kwa bei ya kilichokufa.

Kwanza mzuie kutu. Nyaya za umeme zina plastiki ya PVC, na moshi wake una kloridi ambayo ikikutana na umande inakuwa asidi na kula chuma. Ndiyo maana chuma kilichopita kwenye moto kinaota kutu haraka kuliko kilichonyeshewa tu. Masizi yasuguliwe makavu kwa brashi, kisha kila sehemu iliyochongwa laini (meza, shafti, reli) ifutwe kwa kitambaa chenye dizeli au mafuta ya taa, isiwe petroli. Kutu iliyokwishaota iondolewe kwa msasa laini namba 400 wenye mafuta, kwa mkono. Grenda hapana, inachimba meza na kuua unyoofu wake. Mwishoni pakeni grisi na kufunika kwa turubai lenye nafasi ya hewa chini.

Kisha mpime. Meza na mwili wa mashine hizo ni chuma cha kusubu, kile mafundi wanachoita kasti. Adui yake mkubwa ni maji ya baridi yaliyomwagwa kikiwa bado cha moto, maana hupasuka. Kigongeni kwa nyundo ndogo kila upande: kikilia kama kengele ni kizima, kikitoa mlio mfu kuna ufa. Ufa usioonekana mnaweza kuutafuta kwa mafuta ya taa: pakeni, acheni dakika kumi na tano, futeni mpaka pakauke kabisa, halafu nyunyizeni unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatatoka na kuchora mstari. Angalieni zaidi kwenye matundu ya bolti na kwenye mbavu za chini ya meza. Shafti ya randa ikiwa na ufa, hiyo ni ya chakavu bila mjadala, kwa sababu inazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika na ikikatika inaua.

Unyoofu wa meza hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka ya mita moja na filagaji (vijibati vyembamba vya kupimia pengo), kona hadi kona na katikati. Pengo la 0.1 mm kwa kazi ya samani si tatizo. Likifika 0.3 mm ubao utatoka na mkunjo, hivyo meza ipelekwe kusagwa kwa fundi wa mashine za chuma. SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoa wa Kilimanjaro iko hapo hapo Moshi na ina kituo cha teknolojia chenye mafundi wa aina hiyo. Ulizeni bei kabla ya kuamua.

Mota iangaliwe kwa macho kwanza. Fungueni kifuniko cha nyaya. Mkikuta matone ya alumini yamedondoka ndani, maana yake joto lilipita nyuzi 660 na rota imeyeyuka, basi mota hiyo imekwisha. Ikiwa waya ni nyeusi lakini rota na mwili ni vizima, inaweza kusukwa upya. Swali la kumuuliza msukaji ni hali ya bati za ndani, zile zilizopangwa kama kurasa: joto kali huunguza vanishi iliyo kati yake, na mota ya namna hiyo hata ikisukwa vizuri itachemka kila siku. Na mota iliyopata moshi na maji tu isichomekwe kwenye umeme kujaribu. Ipimwe insulesheni (kinga ya nyaya isiyopitisha umeme) kwa mega, kipimo chake, ya volti 500, na ikiwa chini ya megaomu 1 ikaushwe na kupimwa tena. Wengi humalizia hapa mota ambazo moto uliziacha, kwa kuziwasha zikiwa na unyevu.

Kapasita, swichi, nyaya, mikanda na beringi zote ziwe mpya. Beringi za kawaida hupoteza ugumu joto likizidi nyuzi 150 hivi na grisi yake inakuwa mkaa. Zitazunguka wiki mbili kisha zitakwama. Namba zake zimechongwa pembeni, 6205 kwa mfano, ziandikeni kabla ya kwenda dukani. Visu vya mashine ya randa na misumeno ya mviringo tupeni. Meno ya msumeno wa kabaidi yameshikwa kwa lehemu ya fedha, na likilegea jino moja linaruka kama risasi ya bunduki. Tangi la kompresa lisijazwe upepo tena, mitungi ya gesi kadhalika, na diski za grenda zilizopata joto zivunjwe mtoto asije akaziokota.

Patasi na visu vya randa ya mkono vinaokolewa. Chuma kikigeuka bluu kimepoteza ugumu wake. Kipasheni moto mpaka kiwe chekundu cha cheri na sumaku ikatae kukishika, kizamisheni kwenye mafuta, kisha kipasheni tena polepole, nyuzi 220 hivi, mpaka rangi ya majani makavu itokee kwenye makali. Mhunzi mzuri anafanya seti nzima kwa asubuhi moja.

Kitakachobaki ndicho chakavu, nacho mkiuze kwa mafungu. Waya wa shaba wa mota ni bei nyingine kabisa na chuma, na mnunuzi anayepima mota nzima kwa bei ya chuma anawaibia mchana kweupe. Leteni mizani yenu.

Mbao msizitupe zote. Mti mgumu kama mninga huungua taratibu, karibu nusu milimita kwa dakika. Saiprasi ni zaidi kidogo. Chini ya mkaa kuna tabaka la kahawia la milimita 7 hadi 10 ambalo nguvu yake imepungua. Ondoeni mkaa na tabaka hilo, kinachobaki ni ubao kamili. Nguzo ya mninga ya inchi 4 inaweza kuwapa miguu ya meza bila shida. Pitisheni sumaku kutafuta misumari kabla ya kuranda, na mbao zilizolowa zipangwe kivulini na vijiti katikati zipate hewa.

Nyongeza moja hapa, kwa kuwa tunawajua watu wa Kilimanjaro na majivu: yale ya karakana msiyapeleke kwenye migomba wala kuyachanganya na samadi. Yana mabaki ya rangi, gundi, plaiwudi na pengine nguzo za dawa, ambazo dawa yake huwa na shaba, kromiamu na aseniki, na hizo haziishi kwa kuungua. Anayefagia avae barakoa, glavu na buti.

Sasa karatasi. Anzeni na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ofisi ya mkoa: andikeni barua kuomba taarifa ya uchunguzi wa tukio. Kauli ya mdomo kwamba ni umeme haiwasaidii. Mnataka iandikwe ni umeme wa sehemu gani, wa ndani mliofunga ninyi au njia ya mwenye kiwanja, kwa sababu jibu hilo linaamua mambo ya pango, ambayo tutayafikia. Pili, polisi, taarifa ya upotevu wa mali mkiwa na orodha ya vilivyoungua. Tatu, barua ya serikali ya mtaa. Toeni nakala sita za kila moja. SACCOS, shule, TRA, manispaa na mwenye kiwanja wote wataziomba, na kila mmoja huomba siku ambayo wewe huna.

TRA wajulisheni kwa maandishi kuhusu EFD, hata kama wiki tatu zimepita. Mfanyabiashara aliyenyamaza anaonekana anauza bila risiti. Mkiwa pale ombeni makadirio ya kodi ya mwaka huu yarekebishwe kushuka. Awamu za kulipa huishia Machi, Juni, Septemba na Desemba, na msiporekebisha mtadaiwa kodi ya karakana ambayo haipo. EFD ilikuwa inatuma mauzo TRA kila siku, kwa hiyo kumbukumbu za mauzo yenu hazikuungua. Daftari la oda lijengeni upya kwa taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita, jumbe, na picha za WhatsApp za kazi na mashine.

SACCOS. Hebu tazama hesabu: faida yako ya sokoni, siku 26 kwa mwezi, ni kati ya 312,000 na 390,000. Rejesho ni 450,000. Hakuna namna ya kulibeba, hata mkifunga kula. Basi msisubiri muitwe. Andikeni barua kabla ya tarehe ya rejesho lijalo, ambatanisheni taarifa za zimamoto na polisi, na pendekezeni jambo linalohesabika: miezi mitatu ya kulipa riba tu, kisha salio lipangwe upya kwa muda mrefu zaidi. Kama riba yenu ni asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio, riba peke yake ni 93,000, na hiyo soko lako linaweza. Someni pia mkataba wa mkopo mstari kwa mstari. Wakopeshaji wengi hukata ada ya bima siku ya kutoa mkopo. Mara nyingi ni ya kifo na ulemavu, ila mingine inahusu moto kwa mali iliyokopewa, na madai yake yana siku zake. Kuwaambia "bima hatukukata" kabla ya kusoma ni mapema mno.

Dada yako aliyewadhamini umwambie leo, kwa mdomo wako, kabla hajasikia ofisini. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa unahesabiwa mbaya, na akiba ya mdhamini inaweza kushikwa. Undugu mwingi hapa Moshi umevunjikia hapo.

Wateja msiwakimbie, na wasije nyumbani mmoja mmoja na kumkuta mume wako amelewa. Wapigieni wote ndani ya siku mbili, mpange kila mmoja kwa maandishi mafupi yenye saini. Shule ndiyo ianze, kwani oda yake ndiyo mtaji wenu. Pendekezeni madawati yatoke kwa makundi ya kumi, na nusu ya bei iliyobaki ya kila kundi ilipwe moja kwa moja kwa muuza mbao na duka la vyuma, mume wako akitoa ufundi. Shule inaona fedha yake haipiti mkononi kwenu, ninyi mnapunguza deni bila senti mfukoni. Wenye vitanda na makabati wapewe hiari: kusubiri kwa tarehe iliyoandikwa, kupokea kitu kingine cha thamani hiyo, au kurudishiwa kidogo kidogo. Msiahidi tarehe moja kwa wote. Anzeni na kazi ndogo zenye fedha ya haraka, stuli, mabenchi, kukarabati milango.

Aliyeleta mbao zake ni jambo tofauti. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, anayekabidhiwa mali ya mtu anapaswa kuitunza kama mtu mwangalifu angetunza ya kwake, na akifanya hivyo halipi kilichoharibika, isipokuwa waliafikiana vingine. Kwa hiyo huenda hamdaiwi mbao hizo. Lakini kama mteja ni wa muda mrefu, kupunguziwa ufundi kwenye kazi ijayo ni suluhu ya heshima. Advansi ya kazi ambayo haijafanyika, hiyo mnadaiwa.

Mafundi wawili. Kama hamwezi kuwaweka, huko ni kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka muwaite, muwaeleze, msikilizane, kisha notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo au zaidi anapata kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10, juu ya likizo ambayo hakwenda na cheti cha utumishi. Fundi wa 260,000 kwa mwezi ana takriban 10,000 kwa siku. Miaka minne ni 280,000. Mkikaa kimya mkidhani moto umefuta ajira, anaweza kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30 na kudai kuachishwa isivyo halali, ambayo ni ghali zaidi. Njia nyingine ni kukubaliana kwa maandishi walipwe kwa kila dawati wanalomaliza mpaka karakana isimame. Kama mlikuwa mnawachangia NSSF kwa miezi 18 au zaidi, wana fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Waambieni.

Kijana aliyeungua: tangazeni tukio kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hata kama mlimwita mwanafunzi. Mfuko wenyewe ndio uamue anastahili nini, na dai likipita miezi 12 linaweza kukataliwa. Tunzeni kila risiti ya hospitali. Akianza kukunja vidole kwa shida aonekane na mtaalamu wa mazoezi ya viungo mapema, kwa sababu kovu la moto hujikunja likipona na mkono wa seremala ni kazi yake yote.

Mwenye kiwanja akidai pango la miezi ijayo, Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inasema jengo la kupanga likiungua bila uzembe wa mpangaji, pango linasimama mpaka lifae tena kutumika, na likikaa miezi sita bila kurekebishwa mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Mkataba wenu unaweza kuwa na masharti yake, ombeni nakala kwake. Neno "bila uzembe" ndilo linalofanya taarifa ya zimamoto iwe na thamani.

Sasa kihamba. Shemeji anaongea kwa uchungu wa ndugu, na aheshimiwe. Lakini nusu eka ya Kibosho inayouzwa na familia ambayo mtaa mzima unajua imeunguliwa itapata bei ya mtu aliyeshikwa koo. Deni la SACCOS linapangika, shule inalipika kwa kazi, na mashine hamjajua thamani yake. Ukijumlisha hayo, pengo linaweza kuwa dogo kuliko thamani ya kihamba. Tena kihamba ndicho kinachowapa ndizi za kula na za kuuza sokoni. Mwambieni mtaitisha kikao cha ukoo baada ya miezi mitatu, mkiwa na hesabu kamili mezani. Shemeji akitaka kusaidia leo, aje na siku mbili za nguvu zake kwenye kusafisha, au aite msaragambo, kazi ya pamoja ya majirani.

Mkopo wa haraka wa jirani, ule wa kausha damu, uukatae bila kuuliza masharti. Riba yake huhesabiwa kwa wiki, wakati mwingine kwa siku, na dhamana inakuwa kadi ya benki au vyombo vya ndani. Michango ya ndugu na jumuiya ipokeeni, kwa daftari lililo wazi, na mkiulizwa mnahitaji nini msitaje fedha. Tajeni kitu: drili ya mkono, klempu nne, seti ya beringi, mbao kumi. Fedha ya mchango inaishia kwenye unga na nauli, drili inazalisha. Baadaye, mambo yakitulia, uliza manispaa kuhusu mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake. Ila hiyo inahitaji kikundi kilichosajiliwa, haiji kwa wiki mbili.

Mtoto wa Kidato cha Pili asihamishwe kabla ya mtihani wa upimaji wa Novemba, kwa kuwa usajili wa mtihani unafuata kituo chake. Mwoneni mhasibu wa shule na taarifa za moto, ombeni kulipa kwa awamu. Mwakani sekondari ya serikali haina ada, na kuhamia huko si aibu. Watoto waambiwe ukweli kwa kifupi: karakana imeungua, tunakula, mnaendelea kusoma, tutabana matumizi.

Na baba watoto. Mtu aliyejenga kitu kwa miaka tisa akakipoteza usiku mmoja hukaa kwenye majivu yake kwa sababu hajui pa kwenda asubuhi. Kumwambia ajikaze hakumsaidii. Mpe kazi ambayo hakuna mwingine nyumbani anayeiweza: hiyo ya kugonga chuma, kupima meza na kupanga mafungu matatu, kizima, cha kupima, cha kuuza. Fundi mwenzake awe naye siku za kwanza. Usimfiche madeni ukidhani unamlinda. Atajua, na atajiona mgeni nyumbani kwake. Usiku msiongelee fedha, pangeni saa ya mchana.

Wiki tatu bila usingizi na pombe kila siku zimeshatosha kumpeleka kwa daktari. Hospitali za Mawenzi na KCMC zina huduma ya afya ya akili. Kama amekuwa akinywa sana tangu zamani, asiache ghafla bila daktari, mwili unaweza kumletea degedege. Dawa za kunyunyizia kahawa na mboga ziondoke nyumbani leo, mkaziweke kwa jirani. Akisema amechoka kuishi, au ninyi ni afadhali bila yeye, mpeleke siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake njiani. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Swali hilo halimpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo.

Kuanza tena hakuhitaji paa. Zana za mkono zilizookolewa, benchi moja, na makubaliano na karakana ya jirani kukodi mashine kwa saa, hasa jioni mafundi wake wakishatoka, vinatosha kwa madawati kumi ya kwanza. Mbao nunueni zilizokwisharandwa, bei iko juu kidogo ila inaokoa siku.

Siku mtakapofunga umeme upya, njia iwe ya kwenu, imefungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikiwa na kikatio cha uvujaji wa umeme cha miliampia 30 na swichi kuu iliyo karibu na mlango, inayozimwa kila jioni. Vumbi la mbao lisilale ndani usiku. Vitambaa vya mafuta ya linsidi au vanishi ya mafuta visikunjwe na kutupwa pembeni: mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulibana mpaka kinawaka chenyewe saa kadhaa baadaye, watu wameshalala. Viwekwe kwenye debe la chuma lenye maji na mfuniko. Vizima moto viwili vya unga wa kilo 6, kimoja mlangoni, kimoja upande wa vanishi.

Na bima mkate, kwa thamani kamili. Mali ya milioni 20 mkiikatia bima ya milioni 10, hasara ya milioni 6 italipwa milioni 3, kwa kuwa kampuni inawahesabu mmejibebea nusu ya hatari wenyewe. Orodha ya mashine na picha zake, pamoja na namba za kwenye bamba la mota, zikae kwenye simu yako wewe, sokoni.